Kulala Kambini Wakati wa Kipupwe

Ihumwa ipo zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai mbingu huwa nyeupe, na joto la mchana hupotea upesi usiku. Wazazi, kabla ya kumruhusu mtoto kwenda kambini, zingatieni haya:

1. Mfuko wa kulalia, kama blanketi, hautoi joto. Hushika hewa inayopashwa na mwili. Chagueni uliojaa vizuri, usiombana mtoto wala kumpwaya mno. Asiye nao achukue mablanketi mawili.

2. Ujazo unaolaliwa hubonyea, na ardhi hunyonya joto. Tandikeni mkeka juu ya nyasi kavu.

3. Nguo zenye jasho huleta baridi. Abadili, avae soksi na kofia.

4. Jiko la mkaa lisiingizwe hemani kamwe, hata makaa yakiwa hayatoi moshi. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua aliyelala.

Mtoto aliyepoa mwili, anayesinzia na kuongea kwa shida, yu hatarini hata akiacha kutetemeka. Mvueni nguo mbichi, mfunikeni, mwahisheni zahanati.