Mafunzo Niliyopata kwa Laptopu Tatu za Gemu

Mwaka 2019 nilikwenda Kariakoo na akiba ya miezi saba mfukoni, nikitafuta laptopu ya kuchezea GTA V na FIFA. Swali langu kwa muuzaji lilikuwa moja tu: ina grafiksi ya ngapi? Akajibu papo hapo, "Kaka, hii GB 4, gemu zote inapiga." Nikalipa. Tangu siku ile nimemiliki mashine mbili na kumsaidia mdogo wangu kuchagua ya tatu. Haya ndiyo niliyojifunza, na mengi nimeyalipia.

1. Uliza hiyo grafiksi ni yake au ya kuazima

Ile GB 4 haikuwa ya kadi. Mashine ilikuwa na Core i5 ya kizazi cha 6, na ndani ya prosesa hiyo mna grafiksi ya Intel HD 520. Grafiksi ya aina hii haina memori yake, huazima RAM ya mashine. Windows huiachia iazime hadi kama nusu ya RAM iliyopo, ndiyo maana laptopu yangu ya RAM GB 8 ilionyesha grafiksi ya GB 4. Ningeongeza RAM ifike 16, ingeonyesha 8, na mchezo usingeenda kasi kwa sababu ya namba hiyo.

Siku hizi sitoi hela kabla sijafungua Task Manager, nikaingia Performance, nikabonyeza kila GPU iliyopo. Palipoandikwa "Dedicated" ndipo penye memori ya kadi yenyewe, na palipoandikwa "Shared" ni ya kuazima. Ukikuta "Dedicated" haipo popote, au ina MB chache tu, mashine hiyo haina kadi ya gemu, aseme muuzaji atakavyosema. Nami nakuomba uamini unachokiona kwenye kioo, kwa sababu tofauti si ndogo. RAM moja ya aina ya DDR3L yenye kasi ya 1600, kama niliyokuwa nayo, hupitisha GB 12.8 kwa sekunde. Memori ya kadi ya GTX 1650 huweza kupitisha GB 128. Ni mara kumi.

2. Fungua mfuniko kwanza, RAM ununue baadaye

Niliposikia kizazi cha 6, nikakimbilia kununua RAM ya DDR4. Fundi akafungua skrubu, akaigusisha kwenye sloti, akasimama. "Kaka, tukiisukuma hii tunavunja sloti." Mashine ilikuwa ya DDR3L. Prosesa nyingi za kizazi kile hukubali aina zote mbili, na mtengenezaji wa laptopu ndiye aliyechagua aweke ipi. DDR3L ya laptopu ina pini 204 na hutumia volti 1.35. DDR4 ina pini 260 na hutumia volti 1.2, na mkato wake uko mahali pengine, hivyo haiingii. Dukani hawakukubali kuirudisha.

Programu ya CPU-Z, ambayo ni ya bure, ingenionyesha aina ya RAM, kasi yake na sloti ipi ina kitu. Pia kuna laptopu nyembamba ambazo RAM yake imechomelewa kwenye mazabodi na hazina sloti hata moja. Hizo unanunua na RAM utakayozeeka nayo.

3. RAM mbili za 8 kuliko moja ya 16

Mashine yangu ya pili, niliyoinunua 2021, ilikuwa na GTX 1650 na RAM moja ya GB 8. Sloti ya pili ilikuwa tupu. RAM moja ni kama barabara ya njia moja kati ya memori na prosesa, na ukiweka mbili, njia zinakuwa mbili na mzigo unagawanyika. Kwa DDR4 ya 3200, RAM moja hupitisha GB 25.6 kwa sekunde, mbili hupitisha 51.2.

Niliongeza GB 8 nyingine ya kasi ileile. Wastani wa fremu kwa sekunde ulipanda kidogo tu. Kilichonifurahisha hasa ni kwamba ule mkwamo wa nusu sekunde, gari linapokata kona na mtaa mzima kujitokeza kwa mpigo, uliisha. Aliyewahi kugonga ukuta kwa sababu picha iliganda anajua nasema nini. Na wenye grafiksi ya kuazima hunufaika kuliko sisi wenye kadi, kwa kuwa hiyo RAM ndiyo memori ya grafiksi yao.

Hela ikiwa haitoshi, GB 4 kando ya GB 8 si kosa. GB 8 za mwanzo hufanya kazi kwa njia mbili, 4 zilizobaki kwa njia moja. Zikitofautiana kasi, zote hufuata ile ya polepole.

4. Kadi hununuliwa pamoja na mashine

Hapa ndipo ninapotaka nisikilizwe zaidi. Kwenye kompyuta ya mezani unachomoa kadi, unachomeka nyingine. Kwenye laptopu, kadi nayo kwa kawaida imechomelewa kwenye mazabodi. Zipo chache zenye kadi ya kuchomoa, nyingi zikiwa za zamani au za kazi nzito za ofisini, na kuipata kadi inayokubali ni taabu. Njia ya kuchomeka kadi ya nje kwa waya wa Thunderbolt ipo, lakini unahitaji boksi, umeme wake na kadi yenyewe. Ukijumlisha, unakaribia bei ya mashine nyingine.

Kwa hiyo ukiwa na hela ya kitu kimoja kizuri, iweke kwenye kadi. RAM itafuata mwezi wowote utakaojaliwa.

Na kwenye kadi, tazama memori yake kabla ya mwaka wake. GTX 1650 yangu ina GB 4. Kwenye mipangilio ya picha ya GTA V kuna mstari unaoonyesha memori ya kadi inavyojaa kila unapopandisha ubora. Ikijaa, data humwagikia kwenye RAM, ambayo ni ya polepole zaidi, na picha huanza kukatika. Ndiyo maana RTX 3060 ya GB 6 iliyotumika naipenda kuliko RTX 3050 mpya ya GB 4.

5. Jina moja, wati tofauti

RTX 3060 ya laptopu inaweza kupewa wati 60 na mtengenezaji mmoja na wati 115 na mwingine. Jina ni lile, mchezo si ule. Uliza wati, na ukague chaja. Yangu ya wati 135 iliungua, nikanunua ya 90 kwa kuwa pini iliingia vizuri. Betri ilikuwa inachaji, ila gemu ilidorora wiki nzima kabla sijasoma maandishi madogo mgongoni mwa chaja.

6. Vumbi

Safisha feni na ubadilishe pesti ya kupitisha joto kabla ya kununua chochote. Kadi ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe.

Mwaka jana mdogo wangu alinipigia akiwa dukani. "Kaka, RTX 3060, wati 115, chaja yake yenyewe. RAM ni GB 8." Nikamwambia afungue Task Manager, sehemu ya Memory, anisomee sloti ngapi zimetumika.

"Moja kati ya mbili."

"Lipa," nikamwambia.