Fasili ya Kuitafuta Nyumba ya Mmweko wa Mbinguni

Jua, ewe msomaji, ya kwamba kila sauti ina mwenyewe. Mtu aliyesikia sauti asimjue mwenyewe ana nusu ya ilimu. Naye akimtaja mwenyewe pasipo dalili, amepoteza hata nusu ile. Kwa sababu hii wanavyuoni wa hadithi hawakutosheka na maneno peke yake, bali waliuliza: Yametoka kwa nani, na yamepitia kwa nani? Fasili hii yaonyesha jinsi watu wa ilimu ya falaki walivyouliza suali hilo juu ya mimweko ya mbinguni.

MFANO. Mtu aliye Pugu usiku, kati ya vilima na miti, husikia mlio wa gari la moshi, na huenda asijue kama gari li upande wa mjini au upande wa Bara. Walakini watu watatu wakisimama mahali mbalimbali, saa zao zikiwa sawa, na kila mmoja akaandika wakati mlio ulipomfikia, hesabu itawaonyesha ulikotoka. Huu ndio msingi. Yafuatayo ni matawi yake.

MAS'ALA YA KWANZA: Khabari ya Ngomeni. Jambo hili lina mlango wake katika pwani yetu. Huko Ngomeni, karibu na Malindi, Wataliani walisimamisha jukwaa baharini, liitwalo San Marco, la kurushia setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani, ya kwanza kufanywa makhsusi kwa kutazama eksirei za mbinguni, nayo ikaitwa kwa neno letu, Uhuru. Eksirei hizo hazipenyi hewa ya dunia, ndipo chombo kikawa hakina budi kupanda juu. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339.

Tarehe 7 Mei 1975 ikafuata hapo hapo setilaiti SAS-3, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kupima mahali pa vyanzo kwa usahihi. Mwaka 1976 iliona ajabu upande wa nyota za Akarabu: eksirei zikija mmweko nyuma ya mmweko, upesi upesi. Mahali palipokwisha kupimwa, William Liller alipatazama kwa darubini akakuta kusanyiko la nyota lililofichwa na vumbi, lisilojulikana kabla. Hivyo mmweko ukapata nyumba.

MAS'ALA YA PILI: Mimweko ya redio. Mwaka 2007 Duncan Lorimer na wenzake walitangaza mmweko wa mawimbi ya redio ulioandikwa na darubini ya Parkes, Australia, tangu mwaka 2001. Ulidumu sehemu chache tu za elfu za sekunde. Mawimbi mafupi yalitangulia, marefu yakachelewa, kwa kuwa njiani hupita kati ya chembe za umeme zilizotawanyika, nazo huyachelewesha marefu zaidi. Ni kama vyombo viwili vilivyong'oa nanga saa moja, kimoja chepesi na kimoja kizito: tofauti ya saa zao za kuwasili yaonyesha urefu wa safari. Kuchelewa huko kulizidi kiasi ambacho galaksi yetu, yaani kundi letu kubwa la nyota, ingeweza kukileta.

Suali: Je, kuchelewa huko hakutoshi kuwa ushahidi?

Jawabu: Hakutoshi. Parkes iliandika pia milio mingine iliyoshabihi ule mmweko. Mwaka 2015 ikathibitika kwamba milio hiyo ilitoka katika majiko ya mikrowevu ya kituo chenyewe, mlango ulipofunguliwa kabla ya jiko kuzimika. Mmweko wa 2001 haukuingia katika hukumu hiyo. Lakini ilidhihirika kwamba shahidi mmoja, hata akiwa mwaminifu, haja ya wa pili ipo.

MAS'ALA YA TATU: Kupatikana nyumba. Sahani moja huonyesha upande tu, na katika upande huo galaksi ni nyingi. Mmweko uliosikiwa Arecibo, Puerto Rico, tarehe 2 Novemba 2012 ulijulikana baadaye kuwa hurudia, basi watu wakaweza kuungojea. Mwaka 2016 sahani 27 za VLA, huko New Mexico, ziliunasa, na Januari 2017 ikatangazwa kwamba umetoka katika galaksi ndogo, ambayo nuru yake husafiri zaidi ya miaka milioni 2,000 hatta itufikie.

Usiorudia ni mgumu zaidi, kwa kuwa haukutoa ahadi. Tarehe 24 Septemba 2018 sahani za ASKAP, Australia, ziliunasa mmoja. Mtambo ulikuwa ukiyahifadhi mawimbi kwa muda mfupi, basi mmweko ulipotambuliwa watu waliyarudia yaliyohifadhiwa wakayapima. Nyumba yake ikatangazwa mwaka 2019.

MAS'ALA YA NNE: Mwenye nyumba. Tarehe 28 Aprili 2020 mmweko ulitoka ndani ya galaksi yetu wenyewe, katika magineta, yaani masalio ya nyota iliyokufa, yenye nguvu za sumaku kubwa mno. Wengi wakadhani mambo yamekwisha. Walakini mwaka 2022 ilitangazwa kwamba mmweko mwingine una nyumba yake katika kusanyiko la nyota kongwe la galaksi M81, mahali ambapo magineta changa hazikutarajiwa. Basi kuijua nyumba si kumjua aliyebisha hodi ndani yake.

KHATIMA. Leo kijana wa Pugu huzipata khabari hizi katika simu yake, akazipeleka barazani kabla chai haijapoa. Mmoja husema ni salamu za viumbe wa mbali, mwingine husema ni majini. Wote wawili waulizwe: Ni sahani ngapi zilizosikia? Nyumba ni ipi? Nani alipima? Asiye na jawabu aseme sijui, wala hapana aibu, maana walio na sahani wenyewe wangali wakilisema neno hilo juu ya mimweko mingi.

MASUALI YA KUDURUSU
1. Kwa nini mawimbi marefu huchelewa kuliko mafupi?
2. Jiko la mikrowevu lilifundisha nini juu ya shahidi mmoja?
3. Taja tofauti kati ya kuijua nyumba na kumjua mwenyewe, ukitoa mfano wa mwaka 2020 na wa mwaka 2022.