SOMO LA KOMPYUTA: PROGRAMU INAPOKOSEA KUPIMA NENO LA SIRI



Barua pepe yako hubeba habari za jamaa zako na pengine siri za afya yako. Neno la siri ndilo kufuli lake. Wewe unayeanza kujifunza Python, huenda umeandika programu kama hii ya kuangalia kama neno lina namba:

    neno = input("Andika neno: ")
    lina_namba = False
    for alama in neno:
        if alama.isdigit():
            lina_namba = True
        else:
            lina_namba = False
    print(lina_namba)

Ijaribu. Ukiandika majisafi7 utapata True, yaani ndiyo. Ukiandika maji7safi utapata False, yaani hapana. Kwa nini?

Programu hupitia alama moja moja. Ikifika 7 huandika True. Ikifika s, else hufuta jibu hilo na kuandika False. Linalobaki ni jibu la alama ya mwisho tu. Ni kama mhudumu wa afya anayemkuta mgonjwa nyumba ya tatu, kisha anaandika "hakuna mgonjwa" kwa kuwa nyumba ya mwisho wote ni wazima.

Tiba yake:
1. Futa else pamoja na mstari ulio chini yake.
2. Pima tena kwa maneno manne: lenye namba mwanzoni, katikati, mwishoni, na lisilo na namba.
3. Usipime kwa neno lako halisi, hasa kwenye kompyuta ya wote.

Kumbuka: namba peke yake haitoshi. Neno refu ni gumu zaidi kukisiwa, hivyo ongeza kipimo cha len(neno) >= 12. Kinga ni bora kuliko tiba.