SOMO LA MWEZI: MNUNUZI NAYE ANA MIZANI

Tusome pamoja: Mithali 20:14, Walawi 25:14, Yeremia 38:7-13



Mara nyingi tunapofundisha juu ya biashara, tunawaonya wauzaji. Tunasema juu ya mizani ya uongo, juu ya kopo lililobonyezwa chini, juu ya maharagwe yaliyochanganywa na mawe. Hayo ni mafundisho mema. Lakini Walawi 25:14 inataja watu wawili, anayeuza na anayenunua, na inawakataza wote wawili kudhulumiana. Basi leo tumtazame mnunuzi. Tutachukua mfano wa soko la mitumba, kwa maana hakuna nyumba kati yetu isiyovaa mitumba.

1. SOKO TUNALOLIJUA

Wengi wetu tuliingia Uganda kwa njia ya Mpondwe, na wako ndugu ambao hurudi Bwera mpaka leo kutafuta mali ya kuuza. Siku za soko pale, Jumanne na Ijumaa, watu wa Kasindi huvuka mto Lhubiriha na watu wa Kasese huteremka kwa gari, safari ya zaidi ya kilomita 50. Mkonzo na Mnande wanasikilizana kwa lugha yao, na wengine wote tunapatana kwa Kiswahili. Shilingi inapokelewa, na franka inapokelewa.

Nguo zile zimetoka mbali. Huko Ulaya, Marekani na China watu hutoa nguo wasizozihitaji, nazo huchambuliwa, hufungwa kwa marobota na kuuzwa kwa kilo. Nyingi zinazofika Uganda hushukia bandari ya Mombasa, zikapita Kampala, ambako soko la Owino linajulikana na wote, kisha zikaletwa kwetu. Robota moja mara nyingi lina kilo 45.

2. MUUZAJI ALINUNUA BILA KUONA

Jambo hili wanunuzi wengi hawalifikirii. Wewe unapochagua shati, unaligeuza, unalinusa, unalipima mwilini. Yule mama aliyenunua robota hakupewa nafasi hiyo. Alisoma maandishi ya nje tu, akalipa, akaomba Mungu. Kamba inapokatwa ndipo anajua kama amepata au amepotewa.

Tufanye hesabu ya mfano. Mama amekopa katika kikundi chao cha akiba, akanunua robota la nguo za watoto kwa shilingi 600,000. Gari na ubebaji ni 40,000. Ndani amekuta nguo 200, lakini 40 zimechanika au zina madoa yasiyotoka. Zimebaki 160. Gawanya 640,000 kwa 160: kila nguo imemgharimu shilingi 4,000, kabla ya ushuru wa soko na kabla ya riba ya mkopo. Nguo nzuri za juu atauza 7,000 au 8,000 siku ya kwanza. Zile za mwisho atazimwaga chini kwa 1,000 au 2,000 ili ziishe tu. Kwa hiyo bei ya 7,000 unayoiita wizi ndiyo inayobeba zile zilizochanika.

Mjue pia kwamba muuzaji huyo mara nyingi ni mkimbizi kama wewe. Tangu mwaka 2023, shirika la WFP lilipoanza kutugawa katika makundi na kupunguza mgao, nyumba nyingi zimeegemea turubai la nguo ili watoto wapate uji. Ukimpunguzia mama huyo shilingi 3,000 kwa haki, mmepatana. Ukimpunguzia kwa uongo, umeingia katika sufuria yake.

3. UONGO WA MNUNUZI

Mithali 20:14 inamwonyesha mtu anayeiponda mali mbele ya muuzaji, na akishaondoka anajisifu kwa alivyopata. Mtu huyo hakufa zamani zile. Yuko Bwera, yuko Kasese, na Jumapili anakaa nasi katika viti. Tumtambue kwa ishara nne:

(a) Anadharau anachokipenda. Koti limempendeza tangu mbali, lakini akilishika anasema limepauka, ni la mwaka wa kale, hata bure hatalichukua. Nyumbani analionyesha majirani: "Tazameni, kwa elfu tano tu!"

(b) Anaficha fedha. Anatoa noti moja mfukoni na kuapa hana nyingine, na nyingine iko ndani ya kiatu.

(c) Anaharibu ili apunguziwe. Wauzaji wanalalamika juu ya vifungo vinavyong'olewa na zipu zinazovutwa kwa nguvu, kisha mharibifu mwenyewe anaonyesha kasoro.

(d) Anatumia kanisa. "Dada, si sisi ni wa kanisa moja? Niachie, nitaleta Ijumaa." Ijumaa inapita, na dada anaona haya kudai kwa sababu mdaiwa ni mwimbaji wa kwaya. Huu ndio mbaya kuliko yote, kwa maana ushirika umefanywa chombo cha kupunguzia bei.

Mtu atauliza: basi kupatana bei ni dhambi? Hapana. Katika masoko yetu muuzaji anataja bei ya juu akijua utashusha, nawe unataja ya chini ukijua atapandisha. Hayo ni mazungumzo, na wote wawili wanayaelewa. Unaweza kusema, "Mama, nimeipenda, lakini nina elfu nne tu," kama kweli ndizo ulizo nazo. Unaweza kusema, "Ni nzuri, lakini kwangu ni ghali," ukaondoka kwa amani. Kushusha bei si kosa. Kosa ni kushusha kwa neno ambalo moyoni unajua si kweli.

4. MNUNUZI NAYE ASIDHULUMIWE

Hatusemi kwamba mnunuzi afumbe macho. Wako waliouziwa viatu vyote viwili vya mguu wa kushoto, wako waliokuta tundu lililokunjwa ndani. Basi:

- Nunua mchana. Jioni madoa hayaonekani.
- Geuza nguo ndani nje. Tazama kwapa, mapaja, kola na mishono. Fungua zipu na kuifunga.
- Viatu vivae vyote viwili, ukatembee hatua kadhaa.
- Uliza mapema kama nguo inaweza kurudishwa, maana wengi hawarudishi.
- Hesabu chenji kabla hujaondoka.
- Kabla ya kuvaa, fua kwa sabuni, anika juani, piga pasi. Hata sheria ya Musa katika Walawi 13 iliagiza nguo yenye alama ya ugonjwa ikaguliwe na kufuliwa.

Naye muuzaji aliye Mkristo aonyeshe kasoro kabla hajaulizwa. Mteja uliyemwambia kweli juu ya doa atarudi Jumanne ijayo.

5. JE, NI NGUO ZA WAFU?

Agosti 2023, Rais Museveni akiwa Mbale alisema kwamba nguo hizi ni za wazungu waliokufa, na kwamba zitapigwa marufuku ili viwanda vya Uganda vikue. Tanzania nako watu waliziita "kafa Ulaya". Tena mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikuwa wamepanga kuziacha. Rwanda ikapandisha ushuru sana, nchi nyingine zikalegea. Hoja ya viwanda ni ya kufikiriwa, na serikali ina haki ya kuisema.

Lakini wanunuzi wengine wamelichukua neno hilo la wafu na kulifanya fimbo ya kupigia bei: "Hizi za maiti, niuzie elfu moja." Kama unaamini ni za maiti na unaogopa, usinunue. Kama utaivaa Jumapili, usimtishe nayo mwenye mali.

Nguo iliyovaliwa na mwingine si aibu wala laana. Yeremia alipotupwa katika shimo la matope, Ebedmeleki Mkushi alimteremshia nguo kuukuu aziweke makwapani, ili kamba isimkate wakati wa kumvuta. Nguo za zamani ziliokoa ngozi ya nabii. Na nyinyi mliovuka mpaka na nguo moja ya mwilini mnajua sweta la mitumba lilikuwa nini usiku wa kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kupatana bei kwa haki na kusema uongo vinatengana wapi? Toeni mifano ya soko letu.
2. Umenunua suruali, nyumbani umekuta fedha mfukoni. Ni ya nani?
3. Je, kuna ndugu wa kanisa hili anayekudai fedha ya nguo? Utailipa siku gani?

Swali la tatu lisijibiwe kwa mdomo katika kikundi. Lijibiwe kwa miguu, kabla ya siku ya soko ijayo.

Mungu awabariki, na amani iwe katika nyumba zenu.