MWITO NA JIBU: SHERIA ISIYO NA MUDA HAILINDI MTU



Mama anamwita mtoto: «Leta maji!» Mtoto anajibu: «Ninakuja.» Saa moja inapita, mtoto bado anacheza. Je, amesema uongo? Hatuwezi kusema hivyo, maana hata sasa anaweza kuja. Nyumbani jambo hili linaleta ugomvi tu. Kazini linaua.

Tuangalie kazi ya kusafisha tanki. Mtu mmoja yumo ndani, mwenzake amesimama mlangoni kama mlinzi. Wengi wanafikiri sheria hii inatosha: «Kila mwito utapata jibu.» Haitoshi. Mlinzi ameita, hakuna jibu. Anasema: «Labda anajaza ndoo, atajibu.» Dakika ya tano anasema vilevile, na ya kumi pia. Hakuna dakika ambayo anaweza kusema: «Sasa sheria imevunjwa.» Na huko ndani mtu amekwisha kufa.

Kwa nini tuweke muda? Hewa nzuri ina oksijeni karibu sehemu 21 katika 100. Ndani ya tanki inaweza kupungua bila harufu yoyote: chuma kinachoshika kutu kinakula oksijeni, au gazi nyingine inachukua nafasi yake. Mtu anaweza kuanguka bila kupiga kelele. Ubongo usiopata oksijeni unaanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Basi ni mwili wetu unaotupangia muda.

Mbele ya kuingia, hewa ipimwe kwanza kwa chombo. Kisha patana na mwenzako juu ya mambo manne:

1. Mwito ni nini? Kwa mfano, kuvuta kamba mara moja.

2. Jibu ni nini? Kwa mfano, kuvuta kamba mara mbili. Kelele ya nyundo si jibu.

3. Muda ni gani? Kwa mfano, mwito kila dakika 1, na jibu ndani ya sekunde 10. Kila mwito una jibu lake. Jibu la mwito wa kwanza halilipi deni la mwito wa pili.

4. Muda ukipita, tunafanya nini?

Sasa mlinzi anajua la kusema wakati wowote: «Jibu limekuja», au «Bado, muda upo», au «Muda umekwisha.» Neno «bado» limewekewa mwisho.

Muda ukiisha, mlinzi anaita waokoaji mara moja, na kama kamba imefungwa vizuri mwilini mwa mwenzake, anamvuta akiwa nje. Yeye mwenyewe haingii! Mwaka 1986, NIOSH, ofisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama wa kazi, ilieleza kwamba zaidi ya watu 60 katika 100 wanaokufa mahali pa namna hii ni wale walioingia kuokoa wengine.

Hata mashini zinalindwa kwa njia hii. Mwaka 1977 mtaalamu wa Israeli, Amir Pnueli, alionyesha namna ya kuandika sheria za wakati kwa programu za kompyuta, kwa alama za hesabu. Mojawapo inasema: kila ombi litapata jibu baadaye. Leo programu ndogo inaweza kuwekwa kando ya ile kubwa ili kuichunga inapofanya kazi. Lakini nayo, kama mlinzi wetu, haiwezi kukamata «baadaye» wakati mashini ingali inaendelea. Kwa sababu hii wainjinia wanaandika: «jibu ndani ya sekunde kadhaa». Zikipita, mchungaji huyo anapiga kengele.

Mama, jioni hii mwulize bwana wako: «Ukiwa ndani ya tanki, nani anakuita? Nawe usipojibu, anangoja muda gani?» Akijibu «Sijui», kesho amwulize kapita wake mbele ya kuanza kazi.