SOMO LA UFUNDI: INTANETI YA MAWIMBI INAYOKATIKA NA KUREJEA

Ofisi nyingi zilizo mbali na mkongo hupata huduma ya intaneti kwa mawimbi ya redio: mnara hurusha, na antena iliyofungwa juu ya paa hupokea. Mawasiliano hayo yanapokufa kabisa, fundi huitwa na kasoro huonekana. Taabu ni pale yanapokatika dakika kumi, yakarejea, kisha yakakatika tena siku ya tatu. Fundi hufika akakuta kila kitu kizima, ilhali mwananchi aliyekuja kulipia leseni amekwisha rudi kijijini kwake bila ya namba ya malipo.

Mfano wa somo hili ni Kishapu, wilaya ya Mkoa wa Shinyanga yenye makao makuu yake Mhunze. Ni nchi ya tambarare na mbuga za udongo mweusi, yenye msimu mmoja wa mvua unaoanza takriban mwezi wa Novemba na kwisha Aprili au Mei. Mashamba ya pamba, mgodi wa almasi wa Mwadui na mashine za kusaga nafaka vyote vimo humo. Katika mahali kama hapo kila kasoro ina saa yake na majira yake, na mwenye kuijua saa amekwisha kuijua nusu ya sababu.

Kwa hiyo chombo cha kwanza ni daftari, kabla ya bisibisi. Kwa muda wa wiki mbili mtumishi mmoja aandike tarehe, saa ya kukatika, saa ya kurejea, hali ya hewa, na kama umeme ulitetereka. Hali kadhalika, kompyuta moja iunganishwe kwa waya moja kwa moja na ruta. Iwapo yenye waya inafanya kazi wakati zile zisizo na waya zimekwama, basi mnara hauna kosa. Ugomvi umo ndani ya jengo, aghalabu katika masafa ya gigahezi 2.4, yanayotumiwa pia na simu, vipaza sauti visivyo na waya na majiko ya maikrowevu.

Kasoro ikionekana kuwa nje, ukurasa wa kifaa cha antena usomwe wakati tatizo lipo, si baada yake. Nguvu ya mawimbi huandikwa humo kwa namba hasi za desibeli, na 60 hasi ni bora kuliko 80 hasi. Nguvu ikibaki ilivyo huku kelele ikipanda, huo ndio mwingiliano halisi: kuna mwingine anayerusha katika masafa hayo hayo. Dawa yake ni kuhamia mkondo mwingine au kutumia antena yenye mwelekeo mwembamba zaidi. Nguvu yenyewe ikishuka, mwingiliano usisingiziwe. Na kifaa kikionyesha kuwa kimewashwa dakika tano zilizopita, basi kilizimika. Pengine mashine ya kusaga ya jirani huushusha umeme kila inapoanza kuzunguka.

Kushuka kwa nguvu kuna visa vingi. Baada ya mvua, maji huingia katika kiungo cha waya kisichofungwa utepe wa mpira, na mambo hutengemaa jua likishakausha. Upepo huyumbisha mlingoti uliolegea. Miti nayo husahauliwa sana. Mawimbi hayapiti katika uzi mwembamba. Huhitaji nafasi pana kuzunguka mstari wa kuonana. Kwa kilomita 10 na masafa ya gigahezi 5.8, nafasi hiyo katikati ya njia hufikia mita 11 hivi kila upande wa mstari. Mbuyu uliokuwa mtupu wakati wa kiangazi huota majani mvua zinapoanza, na mwarobaini uliopandwa kwa ajili ya kivuli hurefuka kila mwaka pasipo mtu kuutilia shaka.

Kisa kinachowachosha zaidi mafundi ni cha alfajiri. Usiku wa kiangazi, mbingu zikiwa wazi na upepo umetulia, ardhi ya tambarare hupoa upesi. Hewa baridi hulala chini na yenye joto hukaa juu yake. Mawimbi yanayopita baina ya tabaka hizo hupinda. Mengine hufika katika antena kwa njia mbili yakafutana, na mnara wa mbali ambao mchana hausikiki huanza kusikika na kuvuruga. Hali hiyo huweza kuendelea hadi saa mbili asubuhi, yaani baada ya ofisi kufunguliwa saa 1:30, kisha jua huichanganya hewa na kila kitu hurejea. Fundi anayefika saa nne hakuti kitu, na mtumishi huonekana mzushi. Visiwani, hali ya namna hiyo hutokea juu ya bahari, ambako hewa yenye unyevu hulala juu ya maji. Msomaji wa Pemba asidhani kuwa habari za Kishapu hazimhusu. Kuongeza nguvu ya kurushia si dawa. Hufaa kubadili urefu wa antena, kutumia antena kubwa zaidi, au kuunganishwa na mnara ulio karibu.

Wasimamizi wa ofisi wafahamu pia kuwa gigahezi 2.4 na 5.8 ni masafa ambayo kanuni za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) zimeyatenga kwa mitambo ya viwanda, sayansi na tiba pia, na anayeyatumia kwa mawasiliano hana budi kuvumilia usumbufu wa mitambo hiyo. Huduma ambayo haitakiwi kukatika, kama ya hospitali, ni bora iombewe masafa yenye leseni. Usumbufu katika masafa ya leseni hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo kwa Kishapu hufikiwa katika ofisi ya Kanda ya Ziwa iliyopo Mwanza, na kwa Visiwani katika ofisi yake ya Zanzibar. Barua ya malalamiko itaje mahali, masafa na jina la mtoa huduma, na iambatanishwe na nakala ya lile daftari la wiki mbili.