Cheti cha Fundi wa Kuchomelea: Itazame na Saini ya Mwisho

Malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Tunduma kuingia Nakonde, Zambia, hupanga foleni ndefu katika barabara kuu, na palipo na malori hapakosi mafundi wa kuchomelea. Mwenye tela lililopasuka chesisi pale Chapwa kwa kawaida huuliza mambo mawili: bei ni kiasi gani, na kazi itakwisha lini. Tunamshauri aulize na la tatu: fundi huyu alithibitishwa lini kwa kazi ya namna hii?

Wateja wengi huchanganya vyeti vya aina mbili. Cha kwanza ni cheti cha mafunzo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa vyeti hivyo kwa ngazi. Hupima pia na kuutambua rasmi ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini bila kupita chuoni. Cheti cha mafunzo kinaeleza kile ambacho fundi alifundishwa au alionekana kukimudu siku alipopimwa, wala hakimlazimu arudi kupimwa kila baada ya muda.

Cha pili ni cheti cha uthibitisho wa mchomeleaji. Hiki hupatikana baada ya fundi kuunganisha kipande cha majaribio mbele ya mkaguzi, kisha kipande hicho kikachunguzwa. Viwanda, miradi ya mabomba na wajenzi wa matangi ya shinikizo hukidai, na cheti hiki kisipotunzwa hupoteza nguvu.

Kiwango cha kimataifa kinachohusu uchomeleaji wa chuma cha pua na cha kawaida, ISO 9606-1, kinataka cheti kisainiwe kila baada ya miezi 6 na msimamizi wa kazi za uchomeleaji au na mkaguzi, kuthibitisha kwamba fundi ameendelea kufanya kazi ndani ya mipaka ya cheti chake. Zaidi ya saini hizo, kuna njia tatu za kukihuisha. Fundi anaweza kufanya jaribio upya kila baada ya miaka 3. Anaweza pia kuongezewa miaka 2 ikiwa mishono yake miwili ya miezi 6 ya mwisho imepimwa hadi ndani, kwa mfano kwa eksirei, na kuonekana mizima. Njia ya tatu humhusu fundi anayebaki kwa mwajiri yuleyule mwenye mfumo wa ubora uliothibitishwa. Kanuni za Marekani za matangi ya shinikizo nazo zina ukomo wa miezi 6: asiyetumia njia fulani ya kuchomelea kwa muda huo hupoteza uthibitisho wa njia hiyo. Sababu yake haihitaji maelezo marefu, kwani mkono usiofanya kazi husahau.

Hapa fundi anayejitegemea hupata shida, kwa kuwa hana msimamizi wa kumsainia. Njia iliyo wazi kwake ni kuandika kila kazi katika daftari (tarehe, aina na unene wa chuma, njia iliyotumika, mkao wa mshono) na kumpelekea mkaguzi kabla miezi 6 haijatimia. Muda ukishapita, afanye jaribio tena. Halimrudishi darasani.

Mteja naye asome mipaka ya cheti. Jaribio la mshono wa pembeni halimruhusu fundi kuunga vipande vilivyokutanishwa ncha kwa ncha. Aliyepimwa kwenye bamba lililolazwa chini hakupimwa kwa mshono wa wima au wa juu ya kichwa, na chini ya chesisi kazi nyingi ni za juu ya kichwa.

Hatusemi mteja adai cheti hiki kwa ajili ya nondo za dirisha. Huko macho yanatosha. Lakini kwa kiungo cha kuvutia tela, mnara wa tangi la maji au ngazi ya ghorofa, aulize. Fundi asipokuwa nacho, amwombe aunge vipande viwili vya chuma kilekile, kwa vijiti vilevile, kisha avivunje kwenye jiliwa kwa nyundo. Palipovunjika pakionyesha matundu, takataka za kuchomelea au sehemu ambayo chuma hakikushikana, kazi isianze.

Lori la mafuta ni jambo la pekee. Tangi lililomwagwa mafuta hubaki na mvuke unaolipuka kwa cheche moja, na hakuna saini inayozuia hilo. Lioshwe na hewa yake ipimwe kabla mashine haijawashwa. Risiti ya matengenezo yoyote iandikwe jina la fundi, sehemu iliyochomelewa na tarehe, nayo ihifadhiwe pamoja na kadi ya gari.